Figo ya kushoto yenye ateri mbili au ya kulia yenye ateri moja? Tuzilinganishe kabla hujaamua

Umeamua kumpa ndugu yako figo, vipimo vya damu vimekubali, vya mkojo vimekubali, alafu ripoti ya skani inarudi imeandikwa kushoto ateri mbili, kulia ateri moja, yaani idadi ya mishipa inayopeleka damu kwenye kila figo. Hapo ndo wengi wanaanza kukosa usingizi. Mwingine anadhani ana ugonjwa, mwingine anadhani ndo ameshakataliwa, mwingine anaona jibu liko wazi kabisa, si wachukue hiyo ya kulia yenye mshipa mmoja mambo yaishe. Baadae anashangaa timu ya madaktari inakaa kikao na kutoka na jibu la "tunachukua ya kushoto".

Naandika kwa ajili ya huyo mtu, na kwa mwanafunzi wa udaktari anayelisoma hili kwa mara ya kwanza, maana swali lao ni lilelile: ukiwekewa mezani figo mbili zenye mishipa isiyofanana, unachagua kwa kuangalia nini? Msimamo wangu nautoa mapema. Idadi ya ateri ndo taarifa dhaifu kuliko zote kwenye ile ripoti. Angalia kila ateri inaenda kulisha sehemu gani ya figo, ina unene gani, na shina lake lina urefu gani kabla halijagawanyika. Hayo matatu yakieleweka, kuchagua kunakuwa rahisi zaidi.

Ya kawaida ikoje

Aota ndo bomba kuu la damu linaloshuka toka kwenye moyo kupita mbele ya uti wa mgongo. Ikifika usawa wa pingili ya kwanza na ya pili ya kiuno, chini kidogo ya ateri kubwa inayolisha utumbo, inatoa tawi moja kulia na moja kushoto. Kila tawi lina kipenyo cha kama milimita 5 hadi 6. Ukizipima figo zote mbili hazifikii hata asilimia 1 ya uzito wa mwili, lakini zinapokea asilimia 20 hadi 25 ya damu yote moyo unayosukuma, yaani zaidi ya lita 1 kila dakika. Kwahiyo hii mishipa sio ya kuchezea hata kidogo, ikivuja inavuja kweli.

Kuna tofauti ya kulia na kushoto ambayo naomba uishike maana tutairudia sana. Aota iko kushoto kidogo, na vena kava, lile bomba linalorudisha damu kwenye moyo, liko kulia kwake. Kwahiyo ateri ya figo ya kulia ni ndefu zaidi, inabidi ipite nyuma ya vena kava ndo ifike. Kwa upande wa vena, mishipa inayorudisha damu toka kwenye figo, mambo yanageuka: vena ya figo ya kushoto ndo ndefu, mara nyingi sentimita 6 hadi 10, kwasababu inavuka mbele ya aota, na ya kulia ni kafupi, sentimita 2 hadi 4 hivi.

Sasa, huo mpangilio wa ateri moja kila upande ni wa kawaida kwa maana ya wengi, sio kwa maana ya wote. Watu kama asilimia 25 hadi 30 wana zaidi ya ateri moja angalau upande mmoja, na kama asilimia 10 wanazo pande zote mbili. Kwahiyo ukiwa kwenye daladala imejaa, wako kadhaa humo ndani na hawajui, na hawana haja ya kujua, figo zao zinachuja damu kama za mtu mwingine yeyote.

Zimetoka wapi? Figo haianzii pale ilipo. Mtoto akiwa tumboni figo zinaanzia chini kwenye nyonga, alafu kati ya wiki ya 6 na ya 9 zinapanda juu mpaka kiunoni, na njiani zinakuwa zinachukua damu kwa vimishipa vya pale zilipofika kwa wakati huo. Ni kama mtu anapanda ngazi, akishika kijiti cha juu anaachia cha chini. Mara nyingine kijiti cha chini hakiachiwi. Hicho ndo kinabaki kuwa ateri ya pili. Ndio maana figo iliyogomea njiani, ile inayobaki kwenye nyonga, au zile mbili zilizoungana kama kiatu cha farasi, karibu kila mara zina mishipa mingi inayotoka sehemu za ajabu ajabu, hata kwenye ateri zinazoenda miguuni.

Neno "ziada" linapotosha

Kwenye ripoti za Kiswahili na hata kwenye maelezo ya mdomo utasikia "ateri ya ziada". Mi hili neno silipendi. Ukisema ziada mtu anapata picha ya tairi la spea, kwamba ipo tu pembeni, ikikatwa hakuna hasara. Ukweli ni kinyume kabisa. Ateri za ndani ya figo hazisaidiani. Mwaka 1954 mtafiti aitwaye Graves alionyesha figo imegawanyika kwenye sehemu 5, kila moja na ateri yake, na jirani hana njia ya kumpelekea jirani damu. Ukifunga ateri inayolisha kipande fulani, kipande hicho kinakufa, hakuna wa kukiokoa. Kwahiyo ile "ziada" ni ateri ya sehemu kama zingine, tofauti yake ni kwamba imeamua kutoka moja kwa moja kwenye aota badala ya kutoka kwenye shina la pamoja.

Mtu akielewa hiyo para moja tu, nimeridhika.

Ateri mbili za mlangoni au ateri ya nchani?

Kuna makundi mawili hapa na yanabeba uzito tofauti sana. Kundi la kwanza ni ateri inayotoka aota na kuingia kwenye figo kupitia pale mlangoni, kwenye ule mbonyeo ambapo mishipa yote inaingilia na mrija wa mkojo unatokea. Hii inatembea sambamba na mwenzake, saizi yake mara nyingi sio ndogo, na daktari wa upasuaji anaiona vizuri maana iko kulekule anakofanyia kazi. Kundi la pili ni ateri ya nchani, inayokwepa mlango na kutoboa figo moja kwa moja kwenye ncha ya juu au ya chini. Nyingi ni nyembamba, na kwakuwa inapita pembeni ya njia ni rahisi kukatwa bila kukusudia.

Ukiniuliza mimi nichague kati ya figo yenye ateri mbili nene za mlangoni na figo yenye ateri moja kubwa plus kauzi ka milimita 2 kanachoenda ncha ya chini, nachukua ya kwanza bila kusita. Zote kwenye karatasi zinaandikwa "ateri mbili". Unaona sasa kwanini namba haitoshi.

Na ncha nazo hazilingani, hapa nitakaa kidogo maana ndo pana mambo mengi.

Ateri ya ncha ya juu ikiwa nyembamba sana, chini ya milimita 2, na kipande inacholisha ni kidogo, timu nyingi ziko tayari kuifunga na kuachana nayo. Kipande hicho kitakufa, kitabaki kovu, mpokeaji anapoteza sehemu ndogo ya nguvu ya figo. Sio jambo la kufurahia ila linavumilika, na wakati mwingine ni salama kuliko kuhangaika kushona kauzi ambako kataziba kesho yake.

Ateri ya ncha ya chini hapana. Hii hata ikiwa nyembamba inapiganiwa, na sababu ni mrija wa mkojo. Kwenye mwili wa mwenyewe mrija unapata damu toka juu, katikati na chini kwenye nyonga. Figo ikishatolewa, damu ya katikati na ya chini imekatwa, mrija mzima unabaki kutegemea vimishipa vidogo vinavyotoka kwenye ateri ya figo na kupita kwenye mafuta yaliyo kati ya mlango wa figo na ncha ya chini. Mara nyingi vimishipa hivyo vinatokana na ateri hiyohiyo ya ncha ya chini. Ukiifunga, figo inaweza kuonekana nzuri pale mezani, ina rangi ya waridi, inatoa mkojo, alafu baada ya siku kadhaa mrija unaoza na mkojo unaanza kumwagika ndani ya tumbo la mpokeaji. Hapo unarudi kwenye upasuaji kwa mtu ambaye tayari anatumia dawa za kushusha kinga. Kwa hiyo ateri ndogo ya chini ina thamani kubwa kuliko ateri ya juu ya saizi ileile.

Ateri hiyohiyo ya chini ina tabia nyingine kwa watu ambao wala hawatoi figo. Inaweza kupita mbele ya mahali mrija unapoanzia na kuukandamiza, mkojo unashindwa kushuka vizuri, figo inavimba, mtu analalamika maumivu ya ubavu yanayokuja na kuondoka hasa akinywa maji mengi. Kwa huyo hatukati ateri, mrija ndo unakatwa na kushonwa upya ukiwa mbele ya ateri. Kanuni ni ileile, kuifunga ni kuua kipande cha figo.

Ateri moja inayogawanyika mapema, mtego ambao ripoti inauficha

Hii ndo inayonifanya niseme usishangilie neno "moja". Kuna figo ina ateri moja safi kabisa inapotoka aota, alafu ikitembea sentimita 1 hivi imeshagawanyika mara mbili. Kwa kawaida kugawanyika kunatokea karibu na mlango wa figo. Ukigawanyika ndani ya sentimita 1.5 hadi 2 toka aota kwa upande wa kushoto, au ikiwa bado iko nyuma ya vena kava kwa upande wa kulia, hiyo ni kugawanyika mapema na inabadilisha hesabu yote.

Kwanini? Kwasababu daktari hakati mshipa kwenye ukuta wa aota kabisa. Lazima abakize kishina kwa mchangiaji na akifunge kwa uhakika, maana kishina kikiachia mchangiaji anaweza kufa kwa kutokwa damu ndani ya dakika chache. Kuna klipu za plastiki za kujifunga ambazo zilikuwa zinatumika, zinakula nafasi ndogo sana ya mshipa, lakini zilitokea kuteleza na wachangiaji wakapoteza maisha, na tangu 2006 zimewekewa katazo la kutumika kwenye ateri ya mchangia figo. Njia salama ni pini za mashine zinazotoboa ukuta wa mshipa kabisa, na hizo zinahitaji nafasi zaidi. Sasa toa nafasi ya pini kwenye shina la sentimita 1, kinachobaki ni nini? Figo inatoka na midomo miwili. Ripoti ilisema moja, mezani zipo mbili.

Kwahiyo ukilinganisha kulia yenye "ateri moja" inayogawanyika nyuma ya vena kava na kushoto yenye ateri mbili, kwa vitendo unalinganisha mbili na mbili, na ya kulia bado ina vena fupi juu yake. Ndo pale kikao kinaposema kushoto na ndugu wanabaki midomo wazi.

Kushoto na kulia, sasa uso kwa uso

Kuna sheria moja inatangulia zote na sio ya mishipa. Mchangiaji anabaki na figo iliyo bora. Kama kipimo cha kugawanya kazi kinaonyesha moja inafanya asilimia 56 na nyingine 44, inayotoka ni ya 44, hata kama mishipa yake inasumbua. Kama moja ina kijiwe kidogo au uvimbe wa maji, hiyo ndo inatoka. Timu inayokuchukulia figo yako bora kwasababu tu mishipa yake inashoneka kirahisi imekosea mpangilio, na una haki ya kuwauliza. Hata mimi nikiwa na hamu gani ya kuona ndugu anapona, hili sikubaliani nalo lipindishwe.

Ikishaonekana zinalingana, ndo tunakuja kwenye mishipa.

Kushoto kuna vena ndefu. Kwa mpokeaji hiyo ni raha kubwa, maana figo mpya inawekwa chini pembeni ya nyonga, vena inashonwa kwenye vena inayotoka mguuni, na ikiwa ndefu daktari anafanya kazi kwa nafasi, haivutiki. Kwa mchangiaji pia kushoto hakuna ini linalobidi kunyanyuliwa. Tangu upasuaji wa kutoa figo kwa matundu madogo uanze mwaka 1995 pale Johns Hopkins mjini Baltimore, kushoto ndo imekuwa chaguo la kwanza sehemu nyingi.

Kulia kuna vena fupi yenye ukuta mwembamba. Miaka ya mwanzo ya matundu madogo figo za kulia zilipata sifa mbaya ya vena kuganda damu baada ya kupandikizwa. Mbinu zimeboreshwa sana, kuna namna ya kukata karibu kabisa na vena kava, kuna kurefusha vena kwa kipande cha mshipa mwingine, kuna kusogeza vena ya mpokeaji ije juu, na mikononi mwa wazoefu matokeo ya kulia ni mazuri. Ateri ya kulia ni ndefu kwa jumla, ila nusu ya urefu huo umejificha nyuma ya vena kava na kuutoa kunahitaji kuchimba sehemu ambayo makosa yake ni makubwa.

Sasa ukiweka "kushoto mbili" mbele ya "kulia moja", unachokuwa unauliza kwa kweli ni hiki: kipi kigumu zaidi kwa timu hii, kushona ateri ya pili au kuhangaika na vena fupi? Timu zenye uzoefu nyingi zinajibu ateri ya pili ni nafuu, ilimradi ni mbili na zina unene wa kutosha. Timu nyingine imezoea kulia na itakwambia bora mshipa mmoja. Zote ziko sawa, na mimi ningependa zaidi timu ifanye ile inayofanya kila wiki kuliko ifanye ile iliyosifiwa kwenye mkutano.

Ila zikiwa tatu kushoto na moja yenye shina refu kulia, naelemea kulia. Kila mdomo unaoongezeka ni dakika zaidi za figo kukaa bila damu na nafasi moja zaidi ya kuziba au kuvuja.

Mpokeaji naye anahesabika na watu wanamsahau. Kama mishipa yake ya nyonga imekakamaa kwa mafuta na chokaa, kama mtu wa kisukari cha miaka mingi, kila sehemu ya kushonea ni ya kutafuta kwa tochi, hapo ateri moja inapanda thamani ghafla. Kama ni mtu mnene mwenye nyonga ya kina kirefu, vena fupi ya kulia inakuwa mateso na kushoto inapanda. Figo mbili zilezile, ndugu wawili tofauti, na jibu linaweza kubadilika.

Ateri mbili zinashonwaje

Hapa pia kuna kuchagua. Figo ikitoka inaoshwa kwa maji maalum ya baridi na kuwekwa kwenye barafu, nyuzi joto kama 4, na kazi ya kuunganisha mishipa inafanyika hapo pembeni kwa utulivu kabla haijaingia kwa mpokeaji. Ateri zikilingana unene na ziko karibu, zinashonwa ubavu kwa ubavu ziwe mdomo mmoja, ukiiona ni kama suruali, miguu miwili kiuno kimoja. Uzuri wake ni kwamba kwa mpokeaji kunabaki mshono mmoja. Ubaya, ukilazimisha ateri zilizo mbalimbali zinavutana na kupinda. Nyembamba na nene zikikutana, nyembamba inashonwa kwenye ubavu wa nene. Zikiwa mbali kabisa, kila moja inashonwa peke yake kwa mpokeaji. Na kale kauzi ka ncha ya chini kana suluhisho lake zuri sana, kuna ateri inapita ndani ya ukuta wa tumbo upande wa chini, saizi inaendana, inageuzwa na kuunganishwa nako mdomo kwa mdomo.

Figo ya mtu aliyefariki ni rahisi zaidi kwenye hili. Ateri zinatolewa pamoja na kipande cha ukuta wa aota, zote zikiwa zimekaa kwenye kiraka kimoja, na kiraka ndo kinashonwa. Hiyo inaitwa kiraka cha Carrel, kwa jina la Alexis Carrel, daktari Mfaransa aliyepata Nobel mwaka 1912 kwa kazi ya kushona mishipa ya damu. Kwa mchangiaji aliye hai hatuwezi, aota yake anaihitaji.

Matokeo? Figo za ateri nyingi zinapata matatizo ya mishipa zaidi kidogo na nyingine zinachelewa kidogo kuanza kazi, lakini kwa muda mrefu zinaishi karibu sawa na za ateri moja. Ndo maana siku hizi ateri mbili hazimkatishi mtu tamaa kama zamani.

Picha ipi ikuonyeshe haya yote

CT ya mishipa, skani ya eksrei inayopiga mwili vipande vipande, ndo farasi wa kazi kwa mchangia figo. Inakata vipande vyembamba vya milimita 1 au chini, inapigwa wakati dawa ya rangi iko kwenye ateri, inapigwa tena ikiwa kwenye vena, na ya mwisho inaonyesha mirija ya mkojo. Ina mionzi na dawa ya ayodini, kwahiyo sema kama una aleji nayo na kama unatumia metfomini, dawa ya kisukari.

MRI, skani ya sumaku, haina mionzi, inaonyesha shina kubwa vizuri, lakini vimishipa chini ya milimita 2 inavipitia mbali, na hivyo ndo tunavyovitafuta. Naichagua pale CT haiwezekani. Dawa yake ya gadolinia kwa mtu ambaye figo zimeshachoka sana inahitaji tahadhari, aina za zamani zilileta ugonjwa wa ngozi kukakamaa, ila huyo sio mchangiaji.

Altrasaundi ya Doppler, inayopima damu inavyotembea kwa mawimbi ya sauti, haina sindano, haina mionzi, nzuri sana kuangalia kama ateri imebana na kufuatilia figo baada ya kupandikizwa. Kwa kuhesabu ateri usiitegemee, gesi ya tumbo inaziba na ateri ya nchani inapotea kirahisi. Na ile ya kuingiza mpira kwenye ateri ya nyonga mpaka aota inaonyesha vizuri mno, ila kumtoboa ateri mtu mzima mwenye afya kwa ajili ya kuhesabu tu, wakati CT ipo, sioni sababu.

Presha ya damu inayogoma kushuka kwa dawa ni swali lingine na ulinganisho wake unageuka. Kule unatafuta kubana, na ateri nyembamba ya nchani ikibana inaweza kuamsha homoni za presha kwa kipande chake tu huku shina kubwa likionekana safi kwenye Doppler. Vilevile matibabu ya presha ya kuchoma neva zinazozunguka ateri za figo, vifaa vyake viliidhinishwa Marekani mwezi Novemba 2023, ukiiacha ateri ya pili bila kuiangalia umeacha njia ya neva wazi.

Ukikaa na daktari muombe akuonyeshe skrini, sio karatasi. Uliza ya kwanza inagawanyika sentimita ngapi toka aota, ya pili inaishia wapi, ina milimita ngapi, vena ziko ngapi na zinapita wapi, maana kuna watu vena ya kushoto inapita nyuma ya aota au inaizunguka pande zote mbili na hilo nalo linaingia kwenye hesabu. Alafu uliza kazi imegawanyika vipi kati ya kulia na kushoto. Daktari mzuri hachoki na maswali hayo, ni yaleyale waliyoulizana kwenye kikao.

Na hata CT ikiwa nzuri kiasi gani, inatokea siku ya upasuaji wanakuta kauzi ambako hakukuonekana. Wakikaona kabla ya kukata, wanasimama, wanakabana kwa muda na kuangalia kipande gani cha figo kinabadilika rangi na kina ukubwa gani. Kikiwa kidogo na cha juu, kanafungwa na kazi inaendelea. Kikiwa cha chini, mtu anatumwa chumba cha pili kuwaambia wajiandae na mshono mmoja zaidi.